Kaunta buku ya kwaya mbili: chombo bora nilichopata cha kupanga kujifunza kazini

Kwa mwajiriwa anayetaka kupanga mwenyewe atajifunza nini, bila kungoja ofisi impeleke kozi, sijaona kitu kinachoizidi kaunta buku ya kwaya mbili, lile daftari la jalada gumu ambalo unene wake huhesabiwa kwa kwaya. Nimetumia programu za simu, nimejaza fomu za ofisi, nimebandika karatasi ukutani. Nimerudi kwenye daftari na sina mpango wa kuliacha. Nililipa shilingi 3,500 kwenye steshenari moja ya Mwanga, hapa Kigoma, nikaongeza karatasi ya kaki na nailoni ya kufunikia. Watu wanaoniona nalo mezani huniuliza nalitumiaje, kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu, pamoja na mahali linaponikwamisha.

Kwanza nieleze kazi yangu, maana sifa za chombo bila kujua kinatumika wapi hazimsaidii mnunuzi. Mimi ni karani wa nyaraka kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Kigoma mjini. Mizigo inakuja kwa treni na malori kutoka Dar es Salaam, inapakiwa bandarini au kwenye boti za mbao pale Kibirizi, inavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie, Uvira au Bujumbura. Saruji, unga wa ngano, sukari, mabati, chumvi ya Uvinza. Kila mzigo una karatasi zake, na karatasi moja ikikosewa mzigo unalala. Mzigo ukilala, mwenye mali anaingia gharama, na safari ijayo anatafuta wakala mwingine.

Kazi hii haisomwi ikaisha. Namba za bidhaa zinabadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, viwango vya ushuru vinaguswa kwenye bajeti, mfumo wa kompyuta wa forodha unabadilika, na ramani yenyewe ya jumuiya imebadilika: Burundi iliingia Afrika Mashariki 2007, Kongo ikaingia 2022. Karani aliyejifunza mara moja akatulia, baada ya muda mfupi anakuwa mzigo kwa wenzake. Ndiyo maana suala hili nalichukulia kwa uzito.

Ofisi nyingi zina fomu ya mwaka, na ndani yake kuna kisanduku kimoja: taja mafunzo unayohitaji. Nimeona watu wakijaza "kompyuta", "utawala", "huduma kwa mteja". Fomu inaingia kwenye faili, faili linaingia kabatini, mwakani inaletwa nyingine. Anayejaza hana kosa. Ameulizwa jina la kozi, ametaja jina la kozi. Hakuna aliyemuuliza ni kazi gani iliyomshinda asubuhi ile akamsogezea mwenzake. Daftari langu linauliza hilo tu.

Matumizi yenyewe ni haya. Nafungua kurasa mbili zinazotazamana. Juu ya ukurasa wa kushoto naandika kazi moja ambayo kwa sasa siwezi kuimaliza peke yangu, na naiandika kama kitendo ambacho mtu mwingine anaweza kukaa pembeni akaona nimekifanya au sijakifanya. Chini yake naandika itajaribiwa kwa karatasi zipi za mezani kwangu, nani atakuwa shahidi, na tarehe. Sehemu inayobaki ni ya maelezo na mazoezi. Ukurasa wa kulia ni wa ushahidi: nakala ya karatasi niliyoifanyia kazi, jina la mteja nimelifuta kwa peni, na kando yake kilichokuwa sawa na kilichokosewa. Jozi moja ya kurasa, kazi moja. Ikijaa kabla sijaiweza, najua nimechukua tonge kubwa, naikata vipande viwili na kuhamia jozi nyingine.

Nichukue mfano wa Kifaransa, kwa sababu hapo ndipo daftari lilipolipa gharama yake yote.

Wateja wetu wa ng'ambo ya ziwa wanazungumza Kiswahili. Cha kwao kina ladha yake, lakini tunaelewana vizuri. Yupo papa mmoja wa Kalemie ambaye akiona karatasi haijakaa vizuri huisukuma mbele yangu na kusema, "Mama, hii poids haiko sawa," akimaanisha uzito, namjibu, "Papa, ngoja niangalie," na mambo yanakwenda. Kwa mdomo hatuhitaji Kifaransa hata kidogo. Kifaransa kiko kwenye karatasi: hati ya shehena, orodha ya vifurushi, FERI, ile fomu ya taarifa za mzigo ambayo OGEFREM, ofisi ya serikali ya Kongo inayosimamia shehena, wanaitaka kwa mizigo inayoingia kwao, na barua zinazotoka upande wa Bujumbura. Sasa mtu akisema "nataka kujua Kifaransa" akajiandikisha darasa la jioni, ataanza na kusalimiana, atakuja kwenye kuagiza chakula mgahawani, atafika kwenye kuuliza njia. Muda na ada vinakwenda, na ile hati bado iko mezani haijasomwa.

Juu ya jozi yangu niliandika hivi: "Kusoma hati ya shehena ya Kifaransa na kuhamisha kwenye fomu yetu jina la mtuma, jina la mpokeaji, idadi ya vifurushi, uzito pamoja na kifungashio na uzito bila kifungashio, bila kumuuliza mtu." Sentensi hiyo ilipokamilika nikaona ukubwa wa Kifaransa ninachokihitaji. Ni maneno machache yanayojirudia kwenye kila hati, expéditeur, destinataire, colis, poids brut, poids net, pamoja na namba zilizoandikwa kwa herufi. Hizo namba ndizo zenye mtego. Masomo mengi ya mtandaoni yanafundisha Kifaransa cha Ufaransa, ambako sabini ni soixante-dix na tisini ni quatre-vingt-dix. Karatasi za Kongo na Burundi zimefuata desturi ya Ubelgiji, zinaandika septante na nonante. Anayejifunza kwa kutumia karatasi zake mwenyewe anakutana na septante siku ya kwanza. Anayejifunza kwa kozi ya jumla anaweza kumaliza kozi nzima asiione.

Ukurasa wa kulia ulijaa nakala za hati zilizokwishafungwa, tulizopakia mwaka uliopita, ambazo majibu yake yamo kwenye faili. Hilo nalisisitiza kwa yeyote atakayejaribu: fanya mazoezi kwa kazi iliyokwisha. Majibu unayo, mteja haumii, na hakuna boti inayokungoja.

Shahidi wangu ni mzee mmoja wa ofisini ambaye ameshika karatasi za ziwa hili tangu mimi sijaanza shule. Siku ya kujaribiwa nasubiri amalize chai yake, nasogea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Umeleta ipi?"

Namwonyesha jozi, anachomoa hati ambayo sijaiona, anaikunja sehemu ya chini nisione kilichojazwa, nakaa mbele yake nafanya. Haongei. Akiridhika anaweka saini yake na tarehe pembeni ya ukurasa. Asiporidhika haweki, anaandika neno moja: "Rudia." Sina cheti ninachokithamini kuliko zile saini, kwa sababu mzee huyu hasaini kitu asichokiamini, awe meneja au awe mteja anayemsukuma.

Jozi ya pili ninayotaka kuieleza ni ya namba za bidhaa. Mfumo wa HS, yaani ule wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa namba, unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lililoko Brussels. Una sura zinazofika 97, tarakimu sita za mwanzo ni zilezile dunia nzima, na sisi Afrika Mashariki tunaongeza mbili zinakuwa nane. Ukiusoma kitabu chake tangu ukurasa wa kwanza unasinzia sura ya wanyama hai. Mimi niliandika juu ya ukurasa: "Kutaja tarakimu nne za mwanzo za kila bidhaa tunayopakia mara kwa mara, na kueleza kwa nini ni hapo na si pengine." Kisha nikaenda na daftari soko la Mwanga.

Chumvi, 2501. Saruji, 2523. Unga wa ngano, 1101. Sukari, 1701. Hizo hazina ubishi. Nilisimama muda mrefu kwa wauza mafuta, kwa sababu hapo Kigoma inafundisha kitu ambacho kitabu peke yake hakikikazii. Mchikichi mmoja unatoa mafuta mawili: mawese yanayotoka kwenye nyama ya tunda, na mafuta ya mise yanayotoka kwenye kokwa. Kwa macho ya forodha hizo ni bidhaa mbili. Mawese yako 1511, mafuta ya mise yako 1513, pamoja na mafuta ya nazi. Ukishafika 1511 swali linalofuata ni kama yamesafishwa au la: yale mekundu yasiyosafishwa ni 1511.10, yaliyosafishwa yanakwenda 1511.90. Mama mmoja aliyekuwa anapima mawese kwenye chupa aliniangalia naandika akauliza, "Mwanangu, wewe umetoka halmashauri?" Nikamwambia hapana mama, najifunza kazi. Akanisogezea kigoda, akanifungulia ndoo ya mise ninuse, na akanionyesha yanavyoganda tofauti na mawese asubuhi ya baridi. Maelezo yake yapo kwenye daftari hadi leo, na nikiona "huile", yaani mafuta, tupu kwenye hati, bila kusema ya nini, najua cha kumuuliza mwenye mzigo.

Jozi ya thamani ya forodha nitaipitia haraka, kwa kuwa ni hesabu. Bidhaa inayoingia kutumika nchini hutozwa juu ya bei yake pamoja na nauli na bima. Bidhaa ya dola 10,000, nauli 1,500, bima 150, jumla 11,650. Ikiwa iko kwenye kundi la asilimia 25, ushuru ni 2,912.50. VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya jumla ya hizo mbili, yaani 14,562.50, inakuwa 2,621.25. Hapo nimeacha tozo nyingine ndogo. Kompyuta inafanya hesabu hii kwa sekunde, na ndiyo sababu inabidi karani aweze kuifanya kwa mkono: aliyeizoea kwa peni akiona jumla ya ajabu kwenye skrini anashtuka, asiyeizoea anaichapisha. Tangu Julai 2022 makundi makuu ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, kwa asilimia, ni manne, sifuri, 10, 25 na 35, na hayo nimeyaandika kwenye jalada la ndani ili nisifungue kurasa.

Kwa nini kujijaribu kwa kuandika kutoka kichwani kunashika kuliko kusoma tena na tena? Jibu lipo kwenye jaribio la 2006 la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa chuo kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani. Waliwapa wanafunzi makala fupi. Wengine waliisoma tena, wengine walifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, walioandika kutoka kichwani ndio waliokuwa mbele. Mtu anayejifunza kazini hahitaji elimu ya dakika tano. Mteja anakuja wiki ijayo, mwezi ujao, na wakati huo hakuna kitabu mezani. Kwa hiyo kila Jumatatu kabla ya simu kuanza kuita nafunika ukurasa wa kushoto kwa rula na kuandika tena kwenye karatasi chakavu. Kilichotoka sawa nakiwekea nukta. Ambacho hakikutoka kinabaki wazi mpaka kitoke.

Jambo jingine ambalo kaunta buku imenisaidia ni kuona uwiano. Wataalamu wa rasilimali watu wanapenda kutaja 70, 20 na 10: sehemu kubwa ya kujifunza inatokana na kazi yenyewe, sehemu ya pili inatokana na watu, na ndogo kabisa inatokana na kozi. Chimbuko lake ni utafiti wa Center for Creative Leadership ya Marekani miaka ya 1980, uliowauliza viongozi wa makampuni ni mambo gani yaliwakomaza. Viongozi wa makampuni si makarani wa Kigoma, na mimi sizichukui namba hizo kama kipimo. Nazitumia kujikagua. Mwisho wa robo mwaka napitia jozi zangu na kuangalia ngapi zinategemea kozi, ngapi zinategemea mtu, ngapi zinategemea karatasi za mezani. Nikiona kozi zimekuwa nyingi najua naandika matumaini. Nikiona hakuna mtu hata mmoja aliyetajwa kama shahidi, hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu mtu anayejisahihisha mwenyewe peke yake hukomaa na makosa yake.

Sisemi kwamba kozi hazina kazi. Katika fani yetu kipo cheti cha EACFFPC, cha mawakala wa forodha wa Afrika Mashariki, ambacho kwa Tanzania hufundishwa na Chuo cha Kodi cha Dar es Salaam. Ni cheti cha maana na sheria ya forodha ya jumuiya ya mwaka 2004 inafundishwa humo kwa kina ambacho daftari haliwezi kukifikia. Nilipotaka ofisi inisaidie ada sikuandika barua ndefu. Niliingia kwa bosi, nikaweka kaunta buku mezani, nikamwonyesha jozi zenye saini ya mzee na zile ambazo juu yake nimeandika kwamba hapa nimefika mwisho wa uwezo wangu, panahitaji mwalimu. Alilibakisha hadi kesho yake. Aliponirudishia alisema ofisi italipa nusu, nusu nitakatwa kwenye mshahara kidogo kidogo. Sijui fomu ambayo ingefanya hivyo.

Sasa kasoro, na zipo.

Daftari halikukumbushi. Tarehe ya kujaribiwa ikipita, limekaa kimya. Mimi tarehe hizo naziingiza pia kwenye kalenda ya simu, na hapo ndipo simu inapokuwa msaidizi mzuri. Halitafuti: ukitaka kujua uliandika wapi habari za mise lazima upekue, isipokuwa umetenga kurasa za mwanzo kuwa faharasa na kuandika namba za kurasa kwa mkono. Fanya hivyo siku ya kwanza, baadaye utaona uvivu. Ni zito kwenye mkoba. Na maji ni adui yake. Nilishuka nalo Kibirizi siku ya upepo, mawimbi yakarusha maji gatini na pembe ya chini ikavimba. Kaki na nailoni viliokoa maandishi, ila kurasa za pembeni hazijanyooka tena.

Kuna pia usiri. Ukibandika nakala za karatasi za ofisi, daftari linakuwa mali nyeti. Langu halilali nyumbani, linafungiwa kwenye droo ya ofisi, na majina na bei za wateja nazifuta kabla ya kubandika, si baada. Kama ofisi yako hairuhusu nakala kabisa, chora fomu kwa mkono na ujaze takwimu za kubuni. Inachosha lakini inafundisha vilevile.

Kuhusu simu yenyewe, wengi wataniuliza: si ipo programu inayopiga picha karatasi ya Kifaransa na kuitafsiri hapo hapo? Ipo, na inatafsiri vizuri kuliko watu wanavyodhani. Siitegemei kwa sababu tatu. Karatasi ya mteja naipiga picha na kuituma wapi, sijui. Mtandao gatini ni wa kubahatisha. Na kubwa kuliko zote, makosa mengi ya karatasi hayako kwenye lugha, yako kwenye namba: uzito bila kifungashio umezidi uzito pamoja na kifungashio, vifurushi 400 upande huu na 40 upande ule. Programu inatafsiri kosa lile kwa ufasaha kabisa na kukurudishia. Anayelikamata ni mtu aliyezoea kusoma karatasi ile kwa macho yake.

Daftari hili linawafaa nani? Si makarani peke yao. Jirani yangu anafanya kazi mapokezi ya hoteli. Baada ya kuona langu alinunua lake, na juu ya jozi ya kwanza akaandika: "Kumweleza mgeni kwa Kiingereza safari ya Gombe, boti inaondoka wapi, inachukua muda gani, analipa nini mlangoni, bila kumwita meneja." Anafanya mazoezi na mwenzake wa zamu ya usiku. Fundi wa injini za boti naye angeweza, hata nesi wa zahanati, mradi kazi yake ina kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukaa pembeni akakiona kimefanyika. Mtu ambaye bosi wake anambadilishia majukumu kila wiki, sidhani kama litamfaa. Atajaza kurasa za kushoto na za kulia zitabaki nyeupe. Huyo kwanza aongee na bosi.

Ningekuwa na nyota tano za kugawa, ningelipatia daftari hili nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya kukosa ukumbusho na kwa sababu ya ubora wa ushonaji, ambao unatofautiana mno kati ya daftari na daftari hata kwenye rafu moja. Kabla hujalipa, lifungue katikati na ulilaze mezani. Lililoshonwa kwa uzi linatulia wazi, uzi unauona. Lililogundishwa kwa gundi tupu linajifunga lenyewe, na ukilibana kwa nguvu utasikia linalia mgongoni. Hilo acha hata kama bei yake ni ndogo, maana utabandika karatasi na mgongo utaachia. Pitisha mwanga kwenye ukurasa mmoja uone kama wino utatokea upande wa pili. Kwaya tatu na nne zinavutia kwa unene lakini mezani hazilali vizuri mpaka zifike katikati, na mkobani zinachosha. Kwaya moja itakwisha kabla hujazoea. Nunua na gundi ya kijiti, kwa sababu gundi ya maji huvimbisha kurasa, pamoja na rula fupi na peni mbili, nyeusi ya kwako na nyekundu ya shahidi.

Mwanga utapata aina nyingi zaidi kuliko mjini, na wenye duka wanakuacha ulifungue bila kununa. Angalia tu msimu: Januari shule zikifunguliwa, kwaya mbili ndizo zinazoisha kwanza na bei inapanda. Nunua Desemba mapema, au ngoja Februari.